Siri Usiyoichagua Mwenyewe

Mwaka 1095 Abu Hamid al-Ghazali alikamilisha kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, na ndani yake akaweka mfano wa tende mbili. Mtu ana hamu ya tende, mbele yake zimewekwa mbili zinazofanana kwa kila hali, na hawezi kuzichukua zote. Uzuri ni ule ule, umbali kutoka mkononi ni ule ule, wepesi wa kuzifikia ni ule ule. Je, atakaa na hamu yake kwa kuwa hana sababu ya kuipendelea moja? Al-Ghazali alisema hapana, ataichukua moja tu, kwa kuwa utashi ni sifa ambayo kazi yake hasa ni kupambanua kitu na mfano wake. Karne moja baadaye Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu kwamba mtu huyo hachagui kati ya tende na tende. Anachagua kati ya kula na kutokula, na mkono ukiangukia hii au ile, hilo halikuwa shauri la utashi. Mjadala wao ulihusu jambo kubwa kuliko tende, yaani kwa nini Mungu aumbe ulimwengu wakati fulani na si mwingine, nalo nawaachia wenye elimu ya kalam, yaani wanateolojia. Ninalolishika mimi ni la upande wa binadamu peke yake: tukiwekewa vitu vinavyolingana kabisa, tukaambiwa tuchukue kimoja, je, tunaweza kuchukua bila kuelemea upande?

Swali hilo leo huulizwa kila mtu anayefungua akaunti ya barua pepe, ya benki au ya chuo. Kisanduku kinamngoja aweke nywila. Michanganyiko ya herufi, tarakimu na alama anayoweza kuiandika ni mingi kupita kiasi, na kwa mfumo unaompokea yote ni sawa: hakuna ulio mzuri, mbaya, wa karibu wala wa mbali. Wajuzi wa usalama wa mtandao wamebishana miaka mingi kuhusu umbo linalofaa. Wapo wanaopendekeza herufi zilizovurugwa, fupi ila ngumu kukumbuka. Wapo wanaopendekeza maneno ya kawaida yaliyofuatana, marefu ila yanayokaa kichwani. Mimi naona ubishi huo unagusa pembeni. Nguvu ya nywila inatokana na namna ilivyopatikana, umbo lake ni jambo la baadaye, na nywila inayomlinda mtu sawasawa ni ile ambayo hakuichagua yeye.

Kwa karne nyingi hapakuwa na njia ya kulipima swali la tende. Nani angewakusanya watu milioni moja, awape kila mmoja vitu vilivyo sawa, kisha arekodi walichochukua? Kazi hiyo wameifanya wezi bila kukusudia. Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani ilidukuliwa, na nywila za akaunti zipatazo milioni 32 zikatoka nje zikiwa wazi, bila kufichwa kwa namna yoyote. Kila mmoja wa watu hao alikuwa na uwanja mpana mbele yake. Zaidi ya 290,000 waliandika 123456. Hawakuwasiliana, hawakuigana, wengi hawakuishi hata nchi moja, na kila mmoja aliamini kwamba ameamua mwenyewe. Tangu zamani hali ilikuwa hiyo: mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs walitoa taarifa ya nywila 3,289 walizozikusanya, na asilimia 86 kati yake zilikuwa fupi mno au zilipatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Mwaka 2012 Joseph Bonneau, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichambua nywila za watumiaji wa Yahoo wapatao milioni 70, zikiwa zimefichwa majina ya wenyewe. Akakuta kwamba kwa mdukuzi anayejaribu zile zinazopendwa zaidi katika akaunti nyingi, nywila hizo zilikuwa na nguvu isiyofikia biti 10, yaani kana kwamba kila mtu alichota kutoka kwenye kapu la nywila zisizofika 1,024. Namba ya siri ya tarakimu nne iliyopatikana kwa kura ina uwezekano 10,000. Watu waliopewa kibodi nzima walijichagulia ulinzi ulio dhaifu kuliko namba nne za kubahatisha.

Mtu anaweza kusema hao ni wazembe, na kwamba mwenye kutia bidii angefanya vizuri zaidi. Bidii hiyo nayo imepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale pale Bell Labs, David Hagelbarger alitengeneza mashine ya kucheza na binadamu mchezo unaofanana na kichwa au mwenge: mtu anachagua upande, mashine inajaribu kuotea. Claude Shannon akaunda nyingine ndogo zaidi. Mashine hizo hazikujua lolote kuhusu mchezaji ila mtindo wa machaguo yake yaliyopita, kwamba baada ya kushinda mara mbili huwa anabadilisha au anarudia, na kwa hicho kidogo zilishinda zaidi ya nusu ya mizunguko. Mchezaji alikuwa anajitahidi kwa makusudi asitabirike. Kujitahidi huko ndiko kulikomfichua, kwa sababu anayekwepa mtindo hukwepa kwa mtindo. Sheria za nywila zilizotungwa baadaye zilipuuza jambo hili. Mwaka 2003 Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliosambaa duniani kote: herufi kubwa, tarakimu, alama, na kubadilisha kila baada ya muda. Watu walitii. Wakaweka herufi kubwa mwanzoni, tarakimu 1 na alama ya mshangao mwishoni, herufi a wakaigeuza @, na ulipofika muda wa kubadilisha wakaandika 2 palipokuwa na 1. Wadukuzi wakaiga sheria hizo hizo kwenye programu zao. Mwaka 2017 NIST iliyaacha masharti hayo, na Burr, akiwa amestaafu, akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika.

Mwanafalsafa Spinoza aliwahi kueleza kwamba watu hujiona huru kwa kuwa wanayajua matendo yao lakini hawazijui sababu zinazowasukuma. Mtu hahitaji kuukubali mfumo wake wote ili akubali kwamba katika jambo hili dogo alisema kweli. Anayeandika jina la mwanawe na mwaka wa kuzaliwa hahisi kusukumwa, anahisi amebuni. Ninachodai ni kidogo kuliko alichodai Spinoza. Sisemi kwamba hatuna uhuru. Nasema kwamba uhuru wetu, vyovyote ulivyo, haufanani na kubahatisha. Ni uhuru wa kufuata sababu, mapenzi, kumbukumbu na mazoea, na mambo hayo manne ndiyo mdukuzi anayoyasoma.

Sasa yarudishwe yale maumbo mawili mezani. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa utaratibu alioupa jina Diceware. Kuna orodha ya maneno 7,776, idadi inayopatikana kwa kuzidisha 6 × 6 × 6 × 6 × 6, na kila neno lina namba yake ya tarakimu tano, kila tarakimu kati ya 1 na 6. Unarusha dadu tano, unazisoma kutoka kushoto kwenda kulia, tuseme 4, 2, 6, 1, 3, unatafuta neno lenye namba 42613, unaliandika. Unarudia mpaka yatimie maneno sita. Mwaka 2016 shirika la Electronic Frontier Foundation lilitoa orodha mpya yenye maneno mepesi zaidi ya Kiingereza, lakini hakuna kinachomzuia mtu kupanga ya Kiswahili kutoka kwenye kamusi yoyote nzuri, mradi atumie majina ya kawaida na aepuke maneno yanayofanana mno. Kura ikitoa kibuyu, ruhusa, jongoo, sabuni, hasira, mkeka, hiyo ndiyo nywila, yote sita kwa mpangilio huo. Upande wa pili wekea nywila ya herufi 12 zilizotolewa na kompyuta kutoka kwenye alama 94 za kibodi, mfano t7]Kq#0vZ-eM. Ukihesabu uwezekano wa kila moja unapata namba yenye tarakimu 24 kotekote. Ile ya herufi imezidi ile ya maneno kwa mara mbili hivi, na katika hesabu za aina hii mara mbili si kitu. Moja inatisha kuitazama, nyingine inachekesha, na nguvu yao ni moja.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza, nalo ni zuri: maneno ya kwenye orodha yanajulikana. Mdukuzi naye anaweza kuipakua orodha ile ile, hivyo siri iko wapi? Jibu lilitolewa mwaka 1883 na Auguste Kerckhoffs, aliyeandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi, kwamba mfumo unaofaa ni ule usiodhurika hata ukiangukia mikononi mwa adui. Mpe mdukuzi orodha, mwambie umerusha dadu, mwambie maneno ni sita. Bado anabaki na kazi ya kujaribu. Mwaka 2013 Edward Snowden, mvujishaji wa siri za ujasusi za Marekani, alimtahadharisha mtengeneza filamu Laura Poitras achukulie kwamba adui anaweza kujaribu mara trilioni moja kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, maneno manne yote yanamalizwa kwa muda unaozidi saa moja kidogo. Matano yanachukua takribani miezi 11. Sita yanahitaji miaka 7,000. Kila neno linazidisha kazi mara 7,776, na ndiyo sababu ushauri wa maneno manne, uliopata umaarufu mwaka 2011 kupitia katuni ya Randall Munroe, unatosha kwa akaunti inayomzuia mtu baada ya majaribio machache lakini hautoshi kwa faili lililoibwa ambalo mwizi analishughulikia nyumbani kwake usiku kucha. Ni kweli kwamba mifumo iliyojengwa vizuri huzisaga nywila kwa njia ya polepole ili kila jaribio limgharimu mwizi. Lakini mteja hana namna ya kujua benki au duka lake limejenga vipi.

Pingamizi la pili ndilo lenye mvuto zaidi kwa watu wa lugha yetu, lugha iliyoshiba methali na mashairi. Kwa nini nirushe dadu wakati kichwani nina akiba ya sentensi ndefu, nzuri, ambazo sitazisahau mpaka kufa? Aya niliyoihifadhi chuoni, zaburi, ubeti, methali ya bibi. Zina maneno sita, nane, kumi. Kosa liko kwenye kuhesabu. Nguvu haipatikani kwa kuhesabu maneno yaliyomo. Inapatikana kwa kuhesabu sentensi nyingine ambazo zingeweza kuwa badala yake. Methali za Kiswahili zilizochapishwa ni elfu kadhaa, na hata zikiwa elfu kumi, aliyechagua moja kati yake hajaizidi namba ya siri ya tarakimu nne. Aya za Kurani ni elfu sita na kitu. Maandiko hayo yote yako mtandaoni, tayari kupakuliwa. Na kuna ushahidi wa pesa taslimu. Wapo waliozifunga pochi zao za bitcoin kwa sentensi walizojichagulia, wakiamini kwamba kichwa chao ni kasha imara kuliko yote. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulizibaini pochi za namna hiyo 884 zilizotumika kati ya 2011 na 2015, na isipokuwa 21, zote zilikuwa zimekombwa, kwa kawaida ndani ya saa 24 na mara nyingi ndani ya dakika chache. Wenyewe hawakuwa wajinga wa kompyuta. Waliamini tu kwamba maneno yanayowagusa wao hayatamfikia mwingine, kumbe sentensi humgusa mtu kwa kuwa imeshawagusa wengi.

Dada yake pingamizi hilo ni lile la kujificha ndani ya Kiswahili: mwizi yuko ng'ambo, atajuaje neno jongoo? Kwanza, programu ya kubahatisha haihitaji kujua maana, inahitaji orodha, na orodha ya maneno ya Kiswahili inakusanywa mchana mmoja kutoka Wikipedia ya Kiswahili na Biblia. Pili, wezi wengi wa akaunti zetu hawako ng'ambo. Wako hapa hapa, wanazijua timu tunazozishabikia na majina tunayopenda kuwapa watoto. Kiswahili kinafaa sana kwa nywila, kwa faida ya kumbukumbu. Kama ngome hakifai kuliko Kifaransa au Kikorea.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wenye dini, na mtu asilidharau. Kurusha dadu kunanuka kamari, zipo hadithi zinazokemea mchezo wa dadu, na Kurani katika sura ya Maida imeharamisha mishale ya kupigia ramli. Lakini ukitazama kilichokatazwa unaona mambo mawili: kuchezea mali ili mmoja ale cha mwenzake, na kuuliza ghaibu, yaani kutaka kijiti kiseme kesho itakuwaje. Kura yenyewe, ile ya kugawa au kuteua kati ya vitu vilivyo sawa, imekaa ndani ya dini zetu bila aibu. Kurani inasimulia jinsi kalamu zilivyotupwa ili ajulikane nani atamlea Maryam, na jinsi Yunus alivyoshiriki kura katika jahazi. Bibi Aisha amepokewa akisimulia kwamba Mtume alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake. Katika Agano Jipya mitume walipiga kura kumpata Mathia ashike nafasi ya Yuda, na kabla yake kitabu cha Yoshua kinaeleza nchi ilivyogawanywa kwa makabila kwa kura. Mifano hii ina kitu kimoja ndani yake: kura ilitumika pale ambapo mapenzi ya mtu yangeharibu kazi. Mume angependelea, mtume angempendekeza rafiki, kabila kubwa lingejikatia bonde. Aliyepiga kura alijitoa mwenyewe katika hesabu. Ndicho kitu kile kile kinachotakiwa katika nywila, ila hapa anayeweza kudhulumiwa na upendeleo wangu ni mimi. Na ambaye moyo wake bado unakataa dadu, vikaratasi vyenye namba ndani ya kofia vinafanya kazi hiyo hiyo, mradi kila kilichochotwa kirudishwe na kofia itikiswe upya.

Kuna swali la kina zaidi nyuma ya hilo. Anayeamini kadari atauliza: bahati iko wapi? Dadu limeanguka lilivyoandikiwa. Asiyeamini Mungu lakini anaiamini fizikia atasema vivyo hivyo kwa maneno mengine, kama mwanahisabati Laplace, kwamba mwenye kuijua kasi ya mkono, uzito wa dadu na ugumu wa meza angetaja tokeo kabla halijatokea. Wote wawili nawakubalia, na hoja haipungui hata chembe. Nywila haihitaji kuwa ya nasibu machoni pa Mungu. Inahitaji kuwa ya nasibu machoni pa kiumbe mwenye kompyuta aliyeko mbali na meza. Unasibu ninaouzungumzia ni uhusiano kati ya kitu na anayekitafuta, si sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe, kwa hiyo muumini wa kadari anaweza kurusha dadu zake kwa amani kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo, sura ya kuvurugika haithibitishi chochote. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa mfumo wa kompyuta wa Debian aliondoa mstari wa programu uliokuwa ukilalamikiwa na chombo cha ukaguzi, bila kutambua kwamba mstari huo ndio uliokuwa ukiingiza nasibu katika utengenezaji wa funguo za siri. Kilichobaki kuzitofautisha funguo ni namba ya mchakato ndani ya kompyuta, ambayo haikuvuka 32,768. Kwa karibu miaka miwili, mpaka Mei 2008, seva nyingi duniani zilijitengenezea funguo ndefu, zenye sura ya kutisha, ambazo kwa kila aina na urefu zilikuwa elfu thelathini na kitu tu, na mtu aliweza kuziandaa zote mapema. Hakuna jicho lingeona kasoro. Anayebonyeza kibodi ovyo kwa vidole akaona amepata nywila ya nasibu yuko katika hali hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Vidole vyake vina njia zake, na kama mashine ya Hagelbarger ingekuwapo ingezijifunza.

Litakuja pia lalamiko la heshima. Je, si udhalili kwa kiumbe mwenye akili kuukabidhi uamuzi kwa kipande cha plastiki? Hapa namrudia Ibn Rushd, maana naona jibu lake lafaa zaidi nje ya mjadala aliolitolea. Utashi haukuondoka. Uliamua kula, ukaiacha tende iwe yoyote. Mwenye kurusha dadu ameamua mambo yote yanayostahili kuamuliwa kwa akili: kwamba akaunti hii inastahili ulinzi, kwamba maneno yawe sita badala ya manne, kwamba orodha iwe ya lugha gani. Lililobaki, yaani kibuyu au kikombe, halina sababu ya akili ndani yake, na akili inayong'ang'ania kuamua pasipo sababu huishia kuamua kwa mazoea. Kishawishi kikubwa huja baada ya kura. Maneno yametoka, mtu anatazama, neno hasira halimpendezi, anarusha tena. Ruhusa nalo analiona gumu, anarusha tena. Kila akirudia mpaka apendezwe, anairudisha tabia yake mlangoni. Kiasi cha hasara kinahesabika: ukirusha nywila nzima mara nane kisha ukachagua moja, unaweza kupoteza mpaka biti tatu, hasara ya kuvumilika. Ukiyapanga upya maneno sita ili yasomeke kama sentensi, unaweza kumpunguzia mdukuzi kazi kwa mara 720, ambazo ni mipangilio yote ya vitu sita. Ni afadhali uyaache yalivyotoka, kisha ubuni kisa kinachoyaunganisha kwa mpangilio huo huo, kwamba kibuyu kiliomba ruhusa kwa jongoo mwenye sabuni. Ubunifu hapo hauna madhara, kwa kuwa umekuja baada ya kura na haukuigusa.

Hivyo kati ya herufi na maneno tofauti ni moja tu, nani ataibeba siri. Kichwa cha mtu hubeba maneno kwa urahisi na hubeba herufi kwa taabu. Programu ya kutunza nywila hubeba herufi mia bila kulalamika. Kwa hiyo nywila chache ambazo lazima zikae kichwani, ya kufungulia kompyuta, ya barua pepe kuu, na ya hiyo programu yenyewe, ziwe za maneno sita. Nyingine zote, hata zikiwa sitini, ziwe herufi zilizotolewa na programu, kila akaunti na yake, maana wizi wa kawaida kabisa ni wa kuchukua nywila iliyovuja sehemu moja na kuijaribu sehemu nyingine. Namba ya siri ya kadi na ya simu ya pesa ni fupi, inategemea kufungiwa baada ya majaribio machache, lakini kanuni ni ile ile. Watafiti wa Cambridge walikadiria mwaka 2012 kwamba mwizi wa pochi, akitumia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho, angeifungua kadi moja katika kila pochi 11 hadi 18. Vikaratasi kumi vya 0 mpaka 9 vinamnyima nafasi hiyo. Havimnyimi yule anayepiga simu akijifanya mhudumu wa kampuni ili atajiwe namba. Hakuna nywila inayomlinda mtu aliyeitamka, na sitaki ionekane kwamba dadu zinatibu kila ugonjwa. Zinatibu ule wa kubahatishwa.

Limebaki pingamizi moja ninaloliona zito kuliko yote, na ajabu halisemwi sana. Siri isiyofanana na mwenyewe haibahatishwi na wezi, lakini vilevile haibahatishwi na watoto wake. Zamani marehemu aliacha jina la kifungua mimba wake kama nywila, na familia ikaingia kwenye akaunti siku ya tatu. Aliyerusha dadu akifa bila kusema, picha, barua, pengine na fedha, vinabaki vimefungwa, na udhaifu tulioupiga vita ndio uliokuwa ukiwasaidia warithi. Sioni sababu ya kurudi nyuma. Naona sababu ya kuandika. Kwa miaka mingi tumeambiwa kuandika nywila kwenye karatasi ni dhambi ya kwanza ya usalama, ushauri uliotokana na ofisi ambako karatasi hubandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Nyumbani hali ni nyingine. Mdukuzi anayejaribu mara trilioni kwa sekunde hawezi kufungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda, na anayeweza kulifungua sanduku kwa kawaida hana habari na faili lililoibwa. Waislamu wameusiwa kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Yale maneno sita yana nafasi yake katika bahasha hiyo hiyo yenye hati ya kiwanja, imefungwa, na mtu mmoja wa kuaminika anajua iliko.